Spageti kwa Rojo la Nyanya Mbivu: Limeharibika Wapi, Litengenezwe Vipi

Chakula hiki kina vitu sita tu na kinaiva ndani ya nusu saa, kwa hiyo kasoro yoyote inaonekana. Hakuna nyama wala bizari ya kuifunika. Na kasoro nyingi mno chanzo chake ni maji: kuna maji yaliyomo ndani ya nyanya, yanayotakiwa yatoke upesi, na kuna maji yaliyochemshia spageti, ambayo wengi huyamwaga yote kumbe ndiyo gundi ya chakula chenyewe. Ukiyajua hayo mawili, mengine ni marekebisho madogo.

Vipimo tutakavyorejea ni vya watu wanne: spageti gramu 400, nyanya mbivu kilo 1 (za kawaida ni kama 10 hivi), mafuta vijiko vya chakula 4, kitunguu saumu punje 4, chumvi, na majani ya mrehani ya kujaa kiganja. Mrehani ukikosekana tia kotmiri, ingawa harufu yake ni nyingine kabisa. Mafuta ya zeituni ndiyo yanayokipendeza chakula hiki. Ukiwa na ya alizeti tu, malizia na kijiko cha siagi. Maji ya spageti yabandikwe kwanza, maana lita 4 huchelewa kuchemka kuliko kazi nyingine zote. Rojo lianze wakati maji yanaanza kutoa mvuke.

Rojo limekuwa maji

Pakua, kisha itazame sahani baada ya dakika mbili. Ukiona maji mepesi mekundu yamejitenga pembeni na vipande vya nyanya vimebaki juu ya spageti, rojo halikukauka.

Kwanza chunguza chombo. Kilo moja ya nyanya ina karibu gramu 940 za maji, na kama nusu lita ya maji hayo inatakiwa iondoke kwa mvuke. Kwenye kikaango kipana cha sentimita 28 au 30, juu ya moto mkali, kazi hiyo inachukua dakika 12 hadi 18. Kwenye sufuria nyembamba yenye kina, mvuke unatokea mdomo mdogo, na unaweza kufika nusu saa bado rojo linachuruzika. Kufikia hapo nyanya imepikika kupita kiasi na ile harufu yake ya shambani imekwisha. Watu wengi hapo hufungua nyanya ya kopo ili kulifanya zito. Litakuwa zito kweli, lakini ladha ya kopo itafunika ile ya nyanya ulizozimenya, na tunaona ni hasara.

Halafu kifuniko. Rojo hili halifunikwi hata kidogo. Mvuke ukigonga kifuniko unarudi chini kuwa maji. Kama linarukaruka na kuchafua jiko, koroga mara kwa mara.

Moto nao una lake. Kwa jiko la mkaa, subiri mkaa wote uwe umekolea mwekundu ndipo ubandike. Mkaa ulioshika nusu unatoa joto la kuchemsha polepole, na nyanya zinatoa maji haraka kuliko yanavyokauka. Jiko likiwa dogo na huwezi kupata moto mkali, pika nyanya kwa mafungu mawili ya nusu kilo. Utamaliza mapema kuliko kuzirundika zote pamoja.

Mwisho ni nyanya zenyewe. Kata moja kwa upande, katikati, kama unavyokata chungwa la kukamua. Utaona ukuta wa nyama na vyumba vyenye ute na mbegu. Nyanya ndefu za umbo la yai, kama Rio Grande na Cal J, zina ukuta mnene na ute kidogo, kwa hiyo zinakauka upesi. Zile za mviringo zenye vyumba vikubwa zinahitaji muda zaidi. Usiukamue ute huo ukautupa, kama wanavyoshauri wengine. Ule ute unaozunguka mbegu ndio wenye sehemu kubwa ya uchachu na ule utamu wa mchuzi unaofanya mtu alambe kijiko. Badala yake fanya hivi: katakata nyanya, nyunyiza kijiko cha chai cha chumvi, ziweke kwenye chujio juu ya bakuli kwa dakika 15. Chukua maji yaliyochuruzika uyachemshe peke yake kikaangoni, pamoja na mafuta na kitunguu saumu kilichokwisha kuiva, mpaka yawe mazito kama asali nyepesi, ndipo umimine nyanya. Maji yanaondoka, ladha inabaki, na nyama ya nyanya inapikwa dakika 5 au 6 tu. Chumvi hiyo ihesabu. Usiongeze nyingine kabla ya kuonja.

Namna ya kujua limefika: pitisha mwiko katikati ya kikaango hadi chini. Njia inayobaki ikijifunga papo hapo, bado. Ikikaa wazi kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, na rojo likarudi kwa uvivu, zima.

Kama tatizo umeligundua chakula kimekwisha kuchanganywa, usirudishe yote motoni, spageti zitavurugika. Inamisha sahani au sufuria upande mmoja, chota maji yaliyojikusanya, yachemshe peke yake kwa moto mkali yabaki robo, kisha yarudishe. Unga wa ngano hatuushauri. Rojo linakuwa zito lakini linapoteza mng'ao na kuacha ladha ya uji.

Rojo ni zito lakini halishiki spageti

Hii ni kasoro tofauti na ile ya kwanza, ingawa watu huzichanganya. Spageti zinatoka nyeupe, zinateleza, mafuta yamekaa chini ya sahani na nyanya imebaki kibonge pembeni.

Aliyezoea kupika mchuzi wa nyama anangoja mafuta yaelee juu ndipo aseme nyanya imeiva. Kwa mchuzi ni dalili nzuri: maji ya nyanya yamekwisha na mafuta yamepata nafasi ya kujitenga. Kwa spageti dalili hiyo hiyo inakuambia umefika, na sasa unatakiwa uyarudishe mafuta ndani ya rojo. Kinachoyarudisha ni maji ya spageti, kwa sababu yana wanga uliotoka kwenye spageti zenyewe, na wanga huo unazuia matone ya mafuta yasikusanyike tena.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja kamili (mililita 250) uweke pembeni. Toa spageti dakika 2 kabla ya muda wake, zikiwa bado na ugumu katikati, zitie moja kwa moja ndani ya kikaango chenye rojo pamoja na nusu kikombe cha maji yale. Ongeza moto. Geuza bila kuacha kwa dakika 2, kwa uma mbili au kwa kurusha kikaango. Mwanzoni utaona maji mepesi yenye vijiduara vya mafuta. Baada ya kama dakika moja mapovu yanakuwa makubwa na mazito, vijiduara vinapotea, na rojo linaanza kung'aa na kupaka kila uzi. Likikauka mno ongeza kijiko kimoja kimoja cha maji. Zima likiwa laini kidogo kuliko unavyotaka, maana litaendelea kukaza mezani.

Umefanya hivyo na bado halishiki? Tazama kama ulizisuuza spageti kwa maji ya baridi. Kusuuza kunafaa kwa saladi ya baridi tu. Hapa kunaosha wanga wote wa juu. Tazama pia kama ulitia mafuta kwenye maji ya kuchemshia. Mafuta hayo yanaelea juu muda wote, hayazuii spageti kushikana, na wakati wa kuchuja yanazipaka na kuzifanya ziteleze.

Spageti zimeshikana, au zimekuwa bokoboko

Zikitoka mabonge ya nyuzi tano tano zilizogandana, maji yalikuwa machache, au hayakuwa yanatokota ulipozitia, au hukukoroga mwanzoni. Dakika 2 za kwanza ndizo zinazoamua: wanga wa juu unalainika na kunata, kisha unaoshwa na maji. Koroga mfululizo dakika hizo, baadaye mara moja moja inatosha. Kipimo ni lita 1 kwa kila gramu 100, na sufuria yako ikiwa ya lita 3 tu inawezekana pia, ila ukoroge zaidi. Tambi nyembamba za pwani hukaangwa kisha kupikwa kwa maji ya kupima hadi yakauke. Ni njia sahihi kwa tambi, na anayeihamishia kwenye spageti anapata bonge.

Zikikatika vipande vifupi na maji yakawa meupe mazito kama uji, sababu ni unga. Soma pakiti: kiambato kinapaswa kuwa semolina ya ngano ngumu, yaani duramu. Zilizotengenezwa kwa ngano ya kawaida ya mkate hazina nguvu ya kuvumilia maji yanayotokota. Kama umekwisha kuzinunua, zionje kuanzia dakika ya 5, zitoe mapema, na uzimalizie kikaangoni kwa dakika moja tu. Maji yake yana wanga mwingi, kwa hiyo robo kikombe kitatosha.

Zikiwa laini nje na kiini kina unga mbichi, angalia uko wapi. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ni wa maji yanayochemka kwenye nyuzijoto 100, kama Dar es Salaam au Mombasa. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu. Arusha, kwenye mita kama 1,400, ni nyuzi 95 hivi. Nairobi na Mbeya ni kama 94. Spageti zilizoandikwa dakika 9 zinaweza kuhitaji 11 au 12 huko. Usiifuate saa peke yake. Toa uzi mmoja, ung'ate, utazame penye mkato: nukta nyeupe katikati, ndogo kama kichwa cha pini, ndiyo wakati wa kuzihamishia kikaangoni. Nukta ikiwa pana, bado. Isipoonekana kabisa, umechelewa. Ruka zile dakika 2 za kikaangoni, changanya tu moto ukiwa umezimwa.

Zikiwa sawa kwa ugumu lakini hazina ladha hata rojo likiwa na chumvi, ni kwamba chumvi haikuingia kwenye maji. Gramu 10 kwa lita, yaani vijiko vya chakula 2 visivyojaa kwa lita 4. Chumvi ya baadaye inakaa juu tu. Ila ukitia kiasi hicho kwenye maji, rojo liache na chumvi pungufu, kwa sababu nusu kikombe cha maji kitaleta yake.

Rojo ni chachu mno

Nyanya kwa asili ni chachu, na zikipungua maji uchachu unakolea. Zilizochumwa zikiwa na mabega ya kijani ni chachu zaidi kwa kuwa sukari yake haijakua.

Rekebisha kwa utaratibu huu, na onja kila hatua. Anza na chumvi kidogo, maana mara nyingi kilichopungua ni chumvi. Kisha kijiko cha siagi au mafuta, ambayo yanapunguza makali ulimini. Kisha sukari, nusu kijiko cha chai kwa kilo ya nyanya. Ukizidisha kijiko kimoja unapata kachumbari ya sukari. Bikaboneti ya soda iwe ya mwisho: ncha ya kisu, isizidi robo ya kijiko cha chai. Rojo litatoa povu. Ngoja litulie ndipo uonje. Inaua asidi kwelikweli, lakini ikizidi inaacha ladha ya sabuni ambayo haiondoki, na nyanya zinapooza. Wenye muda wafanye lililo bora kuliko yote hayo: kitunguu maji kimoja kilichokatwa vidogo, kikaangwe kwa moto mdogo dakika 10 mpaka kiwe laini na kitamu kabla ya nyanya kuingia.

Kitunguu hicho lazima kilainike kabla. Asidi ya nyanya inazuia kitunguu kulainika, na ndiyo sababu wanaotia vyote pamoja wanakula rojo lililoiva lenye vitunguu vinavyogugunika. Ukikuta hivyo, hata saa nzima ya kuchemsha haitasaidia sana.

Kuna uchungu

Karibu kila mara ni kitunguu saumu kilichoungua. Kikate vipande vyembamba, kitie kwenye mafuta yakiwa bado baridi, washa moto mdogo. Baada ya dakika moja mbili kitaanza kutoa vipovu vidogo pembeni na harufu itaenea. Kipo tayari kikiwa na rangi ya majani makavu ya mahindi. Hapo hapo tia nyanya, kwa sababu ni maji yake yanayosimamisha kuungua. Kuanzia rangi hiyo hadi kahawia ni sekunde chache, na kwa mkaa ni chache zaidi, maana hata ukiondoa kikaango motoni kinabaki na joto lake. Nyanya ziwe zimekwisha kukatwa na ziko mkononi. Kikishakuwa cha kahawia, mwaga mafuta pamoja na kitunguu, anza upya. Hakuna sukari inayofuta uchungu huo.

Sababu nyingine ni blenda. Visu vinapasua mbegu na uchungu wake unatoka. Pia inaingiza hewa, na rojo linageuka rangi ya waridi yenye povu. Ukitaka rojo laini bila maganda, kata nyanya nusu, ikwaruze upande wa nyama kwenye kile cha kukwaruzia karoti, matundu makubwa. Nyama na ute vinaanguka bakuli, ganda linabaki kiganjani. Kilo moja haifiki dakika 5, na ni njia tunayoipenda kuliko kuzitia maji ya moto. Anayetaka vipande na si rojo laini achore msalaba chini ya kila nyanya, azizamishe kwenye maji yanayotokota sekunde 30, azihamishie maji ya baridi. Ganda litachubuka kwa vidole. Ukiacha maganda, yanajikunja kuwa vijiti vigumu ambavyo havilainiki.

Ladha ya chuma, au rangi imefifia

Ni chombo. Asidi ya nyanya inakula alumini isiyopakwa kitu na chuma cha kusubu, na kadiri vinavyokaa pamoja ndivyo ladha inavyokolea. Kwa dakika 15 kwenye sufuria ya alumini huenda usiione ladha hiyo. Ukilaza rojo humo usiku kucha utaiona, na sufuria nayo itabaki na mabaka. Pikia kwenye chuma cha pua, kikaango kisichoshika, au cha enameli isiyobanduka.

Rojo ni sawa kwa kila kitu, ila halina ladha ya nyanya

Hapa jikoni hakuna kosa. Kosa lilitokea kabla. Nyanya mbivu zikikaa kwenye friji zinapoteza harufu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha mwaka 2016 kwamba baridi inazima jeni zinazotengeneza harufu hiyo, na zikikaa siku nyingi hairudi vizuri hata ukizitoa. Ziweke mezani, kwenye kivuli, kitako juu. Za njano zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Gesi ya ndizi inaziivisha ndani ya siku mbili au tatu. Sokoni usitazame wekundu pekee: nusa penye kikonyo. Isiyonukia mbichi haitanukia ikipikwa. Zile laini zinazouzwa kwa bei ya kutupa, alimradi hazijachacha wala hazina ukungu, ni bora kwa rojo hili kuliko ngumu za kuvutia.

Mrehani nao uingie moto ukishazimwa, majani yakiwa yamechanwa kwa mkono. Ukichemka pamoja na rojo unakuwa mweusi na harufu inatoka na mvuke.

Tui au maziwa yamekatika

Wengi wa pwani hupenda kulainisha rojo hili kwa tui. Likikatika, lilitiwa rojo likitokota. Shusha moto mpaka mapovu yaishe, tia tui zito nusu kikombe polepole huku ukikoroga upande mmoja, usiache lichemke tena kwa nguvu. Tui halidhuriwi sana na asidi, linadhuriwa na moto. Maziwa ya ng'ombe ni kinyume: asidi yenyewe inayakata, kwa hiyo tumia krimu yenye mafuta mengi au usitie kabisa.

Kiporo kimekauka

Spageti zikilala zinaendelea kunywa rojo, na wanga wake unakaza. Kuzipasha kavu kunazichoma. Tia vijiko 3 au 4 vya maji kwa kila sahani kwenye kikaango, yakianza kuchemka weka spageti, funika dakika moja, funua, geuza hadi rojo lilainike, malizia na tone la mafuta. Chakula kisikae mezani zaidi ya saa 2 kabla ya kuingia friji, na siku za joto kali saa 1, kwa sababu kuna bakteria wa vyakula vya wanga ambao sumu yao haifi hata ukikipasha moto mpaka kitokote. Kilichokaa nje tangu mchana hadi usiku kitupwe, hata kama kinanukia vizuri.